Je, Wajua? Diski Inayopanda Basi

Mwaka 2010 mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kufunga kamera kwenye miti na nguzo za chuma ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Zilifika 225, zimetawanywa katika eneo la kilomita za mraba 1,125, kila moja ikijifyatua yenyewe inapohisi joto na mwendo mbele yake. Fisi walizitafuna, tembo walizing'oa, na nyasi zilizopata moto wa jua zikipeperuka ziliihadaa kamera ikapiga picha ya nyasi. Hadi mwaka 2013 mradi huo, uitwao Snapshot Serengeti, ulikuwa umekusanya seti za picha milioni 1.2. Zenye wanyama zilikuwa 322,653 tu.

Kuzipata picha hizo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuzifikisha Minnesota kutoka porini, ambako intaneti ya kupitisha mzigo huo ni ndoto. Kadi za kumbukumbu zilikusanywa kwenye kamera, picha zikahamishiwa kwenye diski za nje, kisha diski zikasafirishwa kwa mkono mpaka chuoni.

Watu wa kompyuta wanaocheka njia hiyo wapige hesabu kwanza. Diski ya terabaiti 2 ina uzito usiozidi wa simu kubwa. Kuipakia yote mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, bila umeme kukatika wala bando kuisha, kunachukua siku 37. Ukiitia mfukoni ukapanda basi kwa saa tatu, umesafirisha data kwa takriban gigabiti 1.5 kwa sekunde. Mwezi Septemba 2009, kampuni moja ya Afrika Kusini iliyochoshwa na intaneti ya polepole ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi yenye gigabaiti 4 mguuni. Aliruka kilomita 80 hivi hadi Durban kwa saa moja na dakika nane. Hata ukijumlisha muda wa kunakili kadi hiyo kwenye kompyuta, shughuli nzima ilichukua zaidi kidogo ya saa mbili. Katika muda huohuo laini ya simu, iliyokuwa ikituma data hiyohiyo, ilikuwa imefikisha asilimia 4 tu.

Sasa tuje Kemambo, kata ya Wilaya ya Tarime katika eneo la Nyamongo, ambalo wengi hulijua kwa mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tuseme yupo mpiga picha wa harusi mwenye kompyuta ya mezani kuukuu isiyozimwa, imewekwa kwenye kona ya chumba na kuunganishwa na UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Ndiyo seva yake. Humo mna video za wateja za miaka, hesabu za duka, labda na mitihani aliyochapia shule za jirani. Kompyuta hiyo ina maadui wengi kuliko anavyodhani. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na umeme wa radi ukiingia kwenye nyaya haubagui kompyuta na diski iliyochomekwa ubavuni mwake. Mwizi naye akibeba kompyuta huondoka na kila kilichoning'inia. Wapo virusi wanaofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa duniani Mei 2017. Nao hufunga kila diski wanayoikuta imeunganishwa. Na yupo adui mtulivu kuliko wote, kidole cha mwenyewe kinachofuta folda asiyoikusudia.

Ndiyo maana kuweka diski mbili zinazonakiliana papo hapo ndani ya kompyuta moja hakutoshi, ingawa mafundi wengi huuza hilo kama kinga kamili. Ukifuta kwenye moja, ya pili hufuta papo hapo kwa utiifu mkubwa. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayotajwa zaidi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Kuweka nakala katika chumba cha pili si kuiweka mbali. Moto hauhitaji hodi.

Diski za kupokezana ndizo zinazotekeleza kanuni hiyo kwa bei nafuu. Ya kwanza imechomekwa kwenye seva na inapokea nakala kila usiku. Ya pili iko kwa shemeji Musoma, haijaunganishwa na chochote. Kila baada ya wiki mbili, au mwezi, zinabadilishana. Kwa diski mbili pekee kuna udhaifu ambao wengi hawauoni: ya Musoma ikirudi nyumbani kabla nyingine haijaondoka, zote mbili zinalala chini ya paa moja, na usiku huo ndio radi hupenda. Diski ya tatu huziba pengo hilo, kwani yenye nakala mpya hutangulia kuondoka na ya zamani ndipo ikarudi. Ofisi za zamani zilizotumia kanda za sumaku zilikuwa na mpangilio mrefu zaidi ulioitwa babu, baba na mwana, yaani nakala za mwezi, za wiki na za siku, ili kosa lililogunduliwa baada ya wiki tatu liweze kurekebishwa.

Nakala ya kwanza huchukua saa nyingi. Zinazofuata ni nyepesi, kwa sababu programu kama rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras nchini Australia, hulinganisha pande mbili na kuhamisha kilichobadilika tu. Haina malipo, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ambayo mwenye duka angeitupa.

Safari yenyewe ina adabu zake. Ndani ya diski ya kawaida, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa umbali wa nanomita chache tu. Ikiwa inazunguka, kishindo kidogo kinaweza kukwaruza sahani. Ikishazimwa, kichwa huegeshwa pembeni na diski hustahimili mishtuko mikubwa zaidi. Basi mtu asiichomoe ingali inavuma na kuitia kwenye begi la bodaboda.

Diski pia hufa zenyewe. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotumia zaidi ya diski 250,000, ilitangaza kwamba mwaka 2023 asilimia 1.4 ya diski zake ziliharibika. Ndiyo maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina dhamana. Mwaka 1998, amri moja ya kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 kwenye kompyuta za Pixar, na nakala za kampuni zikakutwa hazifai. Filamu iliokolewa na nakala ya Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga.

Lakini diski inayopanda basi inaweza pia kusahaulika kwenye kiti, na humo mna sura za maharusi, namba za simu na hesabu za watu. Tangu Mei 2023 Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Programu za bure hufunga diski nzima kwa neno la siri, kiasi kwamba atakayeiokota ataona vurugu tupu. Tatizo ni kwamba mwenyewe naye akilisahau neno hilo ataona vurugu ileile. Kwa hiyo neno la siri huandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mtu asiye shemeji wa Musoma.