Namba Iliyokana Vigawo Vyake

Chukua mbili 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Jibu ni 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, na ikiandikwa kwa 0 na 1 tu, kama kompyuta inavyofanya, inakuwa moja 67 zilizopangwa mstari bila sifuri hata moja.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Paris, aliitaja miongoni mwa namba tasa, yaani zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alijuaje? Hakusema. Orodha yake ilikuwa na makosa matano, na namba hii ni mojawapo, lakini ilipita zaidi ya miaka 200 kabla ya mtu kumkosoa.

Aliyemkosoa ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1876. Alithibitisha kwamba namba hii si tasa, ila hakuonyesha hata kigawo kimoja! Kipimo chake, kama kilivyonyooshwa baadaye na mwanahisabati Derrick Lehmer, huanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoichunguza, kisha endelea na baki. Kijaribu kwa 31, ambayo ni mbili tano zilizozidishwa, kasoro 1. Kutoka 4 unapata 14. Kutoka 14 unapata 194, baki 8. Kutoka 8 unapata 62, baki 0. Hatua tatu zimeishia sifuri, kwa hiyo 31 ni tasa. Kwa namba ya Mersenne hatua ni 65, na sifuri haitokei. Kipimo kinasema namba inagawanyika. Inagawanyika kwa namba ipi hasa, hakisemi.

Kuvitafuta vigawo vyenyewe ni kazi nyingine kabisa. Kuna nafuu moja: kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Basi unaanza na 135, 269, 403, na kuendelea. Nafuu ndogo, kwa kweli, maana kigawo cha kwanza kimejificha nafasi ya 1,445,580 katika msururu huo.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni. Kwa masimulizi ya mwanahisabati Eric Temple Bell, hakutamka neno. Alikokotoa namba nzima upande mmoja. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akaketi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bell anadai kazi hiyo ilimla Cole Jumapili za miaka mitatu.

Leo kompyuta ya kawaida huimaliza kufumba na kufumbua. Lakini weka 1277 mahali pa 67: inatoka namba ya tarakimu 385, ambayo vipimo vimeshathibitisha kuwa si tasa, na hadi sasa hakuna aliyekipata kigawo chake hata kimoja.