Sindano ya Goti: Nafuu, Si Kupona

Sindano ya kotikosteroidi ni dawa inayochomwa ndani ya kiungo chenye baridi yabisi ili kutuliza uvimbe na maumivu. Goti ndilo huchomwa zaidi, kisha bega, kifundo cha mguu, kiwiko na vidole. Dawa hiyo ni ndugu wa homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

Jina baridi yabisi limebeba magonjwa mengi. La kawaida zaidi ni kusagika kwa kiungo: gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, hulika kadiri umri na uzito unavyoongezeka, au baada ya kiungo kuumia. La pili ni baridi yabisi ya kinga, yaani rumatoidi, ambapo kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake, na mgonjwa huamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa. La tatu ni jongo, linaloletwa na fuwele za asidi ya yuriki. Katika yote matatu, utando unaotoa ute wa kiungo huweza kuvimba na kupata joto, na hapo ndipo sindano inapofanya kazi: huzizuia chembe za kinga kutoa kemikali zinazochochea uvimbe.

Katika kata ya Mapinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, goti bovu hujionyesha kwenye shughuli za kila siku. Anayepalilia mihogo hushindwa kuinuka bila kushika mpini wa jembe. Anayekuna nazi hukiacha kibao cha mbuzi na kutafuta kiti. Msikitini, sijida huwa ya kukalia kiti, na choo cha kuchuchumaa huwa adhabu.

Dawa za kotikosteroidi zilianza kutumika kwa baridi yabisi tarehe 21 Septemba 1948, pale daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alipomwanzishia kotisoni mwanamke mwenye rumatoidi aliyekuwa hajiwezi. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini dawa iliyosambaa mwili mzima ilileta madhara: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari kupanda. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alitangaza njia nyingine, ya kuchoma haidrokotisoni moja kwa moja ndani ya kiungo, ili dawa ikae panapouma.

Kotisoni ya mwanzo ilitokana na nyongo ya ng'ombe na ilikuwa ghali mno. Pwani ya Tanganyika ilisaidia kuishusha bei kwa mkonge wake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida; miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Jani la mkonge hutoa singa kiasi kidogo sana, na maji na makapi mengine yote yalikuwa yakimwagwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba makapi hayo yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa kotisoni, na kampuni ya Glaxo ikaanza kuyatumia makapi ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea dawa.

Siku hizi hutumika zaidi trayamsinoloni au methiliprednisoloni. Mgonjwa hulala chali, goti limekunjwa kidogo juu ya mto. Daktari hupapasa ukingo wa pia ya goti, huweka alama, husafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huingiza sindano kwa upande. Goti likiwa limejaa maji, huyavuta kwanza na kuyatazama. Ute wa goti lenye afya ni wa manjano hafifu na huvutika kama ute wa yai. Ukiwa na ukungu au rangi ya usaha, dawa haichomwi; ute hupelekwa maabara. Ukiwa safi, huingizwa dawa, mara nyingi miligramu 40, iliyochanganywa na ganzi. Ni nyeupe kama maziwa, kwa sababu ni fuwele zinazoyeyuka polepole. Kazi yote huchukua dakika chache.

Ganzi huleta nafuu ya saa kadhaa, kisha maumivu hurudi, na wengine huumwa zaidi kwa siku moja au mbili. Nafuu ya kotikosteroidi yenyewe huja ndani ya wiki moja na kwa kawaida hudumu wiki chache. Gegedu iliyolika hairudi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 140 wa kusagika goti kwa miaka miwili: waliochomwa kila baada ya wiki 12 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kwa kawaida kiungo kimoja hakichomwi zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka.

Mwenye kisukari hupandishwa sukari kwa siku kadhaa, hivyo anapaswa kuipima mara kwa mara. Ngozi nyeusi huweza kupauka pale ilipochomwa. Vijidudu kuingia ndani ya kiungo ni jambo la nadra, lakini goti likizidi kuvimba, kupata moto na kuandamana na homa, mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Sindano haifai mwenye kidonda juu ya kiungo, mwenye homa, au anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu cha kiungo. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri lazima aseme, kwa sababu ritonaviri huizuia kotikosteroidi isiondoke mwilini.

Sindano ya aina hii si ya duka la dawa, wala haifanani na ile ya kuchomwa takoni. Mgonjwa wa Mapinga huanzia zahanati, akapewa rufaa hadi Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, na ikibidi kwa mabingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Wiki za nafuu ndizo za kuanza mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kati ya wagonjwa 156, waliopewa tiba ya mazoezi walikuwa na maumivu machache baada ya mwaka mmoja kuliko waliochomwa sindano. Goti likiwa limeharibika kabisa, hubaki upasuaji wa kuweka goti bandia. Huo hupangwa angalau miezi mitatu baada ya sindano ya mwisho, maana kuufanya mapema kunaongeza hatari ya vijidudu.