Jua la Manyovu na Picha za Gulioni

Saa sita mchana ikigonga Manyovu, wilayani Buhigwe, jua bado lina safari. Saa ya Tanzania imepimwa kwa nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao haupiti hata nchini, ilhali Manyovu iko karibu na nyuzi 30. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo huku jua hufika utosini kwenye saa saba. Ng'ambo ya mpaka, Mugina nchini Burundi, hufuata saa ya nyuzi 30, na kwao jua na saa havigombani.

Hili linamhusu sana anayetaka kupiga picha za watu sokoni bila kuwapanga. Aliyezoea jua la Dar es Salaam akija huku anakuta mwanga laini wa asubuhi, kwa saa ya mkononi, ukichelewa kwisha kwa zaidi ya nusu saa. Hata hivyo, mimi naamini kivuli kuliko saa. Kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, jua liko chini ya nyuzi 45 na linawamulika watu usoni. Kikiwa kifupi kuliko wewe, hamia kwingine. Manyovu jua huvuka nyuzi hizo 45 karibu saa nne asubuhi. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa. Macho hugeuka mashimo meusi na kofia humeza kilichobaki cha uso.

Ubaya ni kwamba asubuhi na mapema gulio halijachangamka. Magunia ya maharage ndiyo kwanza yanashushwa, na madumu ya mawese bado yako kwenye pikipiki. Watu hujaa wakati mwanga umeshaharibika.

Dawa iko kwenye ukingo wa turubai. Muuzaji aliyekaa hatua moja ndani ya kivuli hapigwi na jua moja kwa moja, bali humulikwa na anga iliyo wazi mbele yake, tena na ardhi. Udongo mwekundu wa huku huakisi mwanga kutoka chini na kuujaza uso pale ambapo jua la utosi lingeacha giza. Akikaa katikati kabisa ya kibanda, faida hiyo hupotea. Angalia pia rangi ya turubai lenyewe. La buluu hupitisha mwanga wa buluu, na nyanya zilizo chini yake hufifia. Wewe uliyesimama pale huoni kasoro, kwa sababu ubongo husahihisha rangi kimyakimya. Kamera haina uwezo huo kwa kiwango hicho. Ukiweza, chagua kibanda chenye turubai jeupe.

Kamera ina kasoro nyingine: hukadiria mwanga kana kwamba kila kitu kina rangi ya kijivu ya wastani. Ipe mama mweusi aliye kivulini, nyuma yake barabara inayowaka jua, naye atatoka kama kinyago cha mpingo. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kipimo kianzie hapo, au sogea mpaka nyuma yake pawe na kivuli. Si simu zote zenye upungufu sawa. Tatizo lenyewe ni la zamani: kwa miongo kadhaa rangi za picha za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zikalipa gharama. Kwa upande wa simu, kampuni ya Tecno ilijipatia soko Afrika, miongoni mwa mengine, kwa kuzirekebisha kamera zake zifae nyuso nyeusi.

Mikono ya wanaopatana bei haitulii. Mtu anayetembea kawaida husogea zaidi ya sentimita 2 katika 1/60 ya sekunde, lakini kama milimita 3 tu katika 1/500. Kivulini simu yenyewe hurefusha muda wa kupokea mwanga, ndiyo maana vidole vinavyohesabu noti hutoka ukungu. Piga mfululizo, na uanze kabla ya tukio: jicho na kidole huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, na kicheko cha aliyepunguziwa bei kimeshapita. Usiusogelee uso mno. Ukiwa karibu sana pua huonekana imevimba. Mita 2 zinatosha.

Na kuvizia si lazima. Salimia kwa lugha ya huku, "Mwakeye", nunua kitu, kaa. Baada ya muda simu yako haimshtui mtu, naye hurudi kwenye mabishano yake ya bei. Usipige picha za askari, maofisa wa uhamiaji wala majengo ya mpakani. Huenda pakawa pia na watu waliokimbia Burundi, ambao sura yao ikisambaa inaweza kuwaletea balaa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaigusa hata picha. Ukimaliza, mwonyeshe picha uliyempiga. Akisema futa, futa mbele yake, kisha fungua na kapu la taka la simu uifute humo pia, maana kwenye simu nyingi picha iliyofutwa hukaa humo siku 30 au zaidi.