Asilimia 80 ya nini?

Nchini India, daktari anayeingia kusomea ubingwa ana miaka mitatu mbele yake. Atalipwa posho, atashika zamu wodini, ataandika tasnifu, na mwishoni atafanya mtihani wa chuo kikuu unaompa MD au MS. Jina lake haliingii kwenye orodha ya watahiniwa mpaka awe amehudhuria angalau asilimia 80 ya mafunzo. Kanuni za mwaka 2000 za lililokuwa Baraza la Tiba la India zilidai hivyo kwa kila mwaka wa masomo. Tume ya Taifa ya Tiba, iliyochukua nafasi ya Baraza hilo mwaka 2020, ikaibakiza asilimia hiyo katika kanuni zake za 2023.

Sharti lenyewe ni fupi na linaeleweka. Hata hivyo, msimu wa mitihani ukikaribia, Mahakama Kuu za majimbo hupokea maombi ya madaktari walioambiwa wiki chache tu kabla ya karatasi ya kwanza kwamba mahudhurio yao hayatoshi. Ukizisikia habari hizi juujuu utadhani ni ugomvi wa watoro na walimu wao. Watoro wamo, sikatai. Lakini mashauri yenye uzito hayabishanii 80. Yanabishania 80 ya nini, iliyohesabiwa na nani, kuanzia siku gani.

Chukua kalamu. Mwaka una siku 365, asilimia 80 yake ni siku 292, kwa hiyo zinazobaki za kukosekana ni 73. Sasa fungua kanuni za 2023 uone likizo wanazoruhusiwa madaktari hawa: siku 20 za dharura kwa mwaka, siku tano za shughuli za kitaaluma, na siku moja ya mapumziko kila wiki kazi ikiruhusu. Mapumziko ya wiki peke yake ni siku 52. Jumlisha: 77. Maana yake, karani akigawa kwa 365 na kuhesabu kila siku isiyo na saini kuwa utoro, daktari aliyechukua haki yake tu, bila hata homa ya siku moja, amekwisha kupungukiwa. Akitoa kwanza hizo siku 77 na kugawa kwa 288 zilizobaki, daktari yuleyule ana asilimia 100, na bado ana nafasi ya kukosa siku 57. Daftari ni moja na mtu ni mmoja. Kilichobadilika ni namba ya chini tu.

Kuna na suala la tarehe ya kuanzia. Udahili wa India huenda kwa awamu, na wanaopata nafasi katika awamu za mwisho huripoti wenzao wakiwa wameshaanza. Tuseme kozi imefunguliwa Februari 1 na wewe umeripoti Machi 20. Chuo kikihesabu tangu kozi ifunguliwe, umeanza na deni la siku 47 za kutokuwepo mahali ambapo hukuwa na ruhusa ya kuwepo. Kikihesabu tangu uliporipoti, huna deni, ila swali lingine linazuka: je, umemaliza miaka mitatu ya mafunzo siku ya mtihani, au umepungukiwa na wiki sita na kitu?

Majaji wa India hawapendi kuingia humu. Kwao, viwango vya elimu ni kazi ya wenye elimu yao. Mwaka 1986, katika shauri lililohusu chuo cha tiba kisichokuwa na kibali huko Andhra Pradesh, wanafunzi waliomba wasiachwe nje ya mtihani kwa kosa lisilo lao. Mahakama ya Juu ilikataa, ikasema mahakama haiwezi kukiamuru chuo kikuu kivunje sheria iliyokiunda. Shauri hilo hutajwa mpaka leo na mawakili wa vyuo. Kwa hiyo mwombaji anayesema “asilimia 80 ni kali mno, nina 76, nihurumieni” ameshindwa kabla hajamaliza kusoma kiapo chake, labda kanuni za chuo chake ziwe zimempa makamu mkuu wa chuo mamlaka ya kusamehe upungufu. Mamlaka hayo yakiwepo, mahakama haisamehi yenyewe. Hulirudisha faili kwa mwenye mamlaka, aamue upya na atoe sababu.

Mlango ulio wazi zaidi ni ule wa haki asilia. Je, daktari alionyeshwa hesabu yake mapema? Alipewa nafasi ya kuipinga? Aliandikiwa barua ya onyo mwaka wa kwanza, au alifumbiwa macho hadi wa tatu? Chuo kilichokaa kimya miaka miwili na nusu kisha kikazinduka mwezi wa mwisho kina kazi ngumu ya kujieleza. Uamuzi unaotajwa sana hapa ni wa katikati ya miaka ya 1970 na unahusu mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Kurukshetra. Chuo kilimruhusu kufanya mtihani, baadaye kikagundua mahudhurio yalikuwa pungufu, kikataka kumfuta. Mahakama ya Juu ilisema fomu zilipaswa kukaguliwa kabla. Mwanafunzi hakudanganya wala hakuficha kitu, na akishaketi kwenye mtihani kwa ruhusa yao, ruhusa hiyo hairudi nyuma. Msomaji wa Tanzania asishangae nikikaa sana India: Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilichukua nafasi ya ile ya India ya 1872, na hukumu za huko bado zinasomwa mbele ya majaji wetu.

Uamuzi wa Kurukshetra, kwa maoni yangu, umezaa tabia mbili. Vyuo vimejifunza kuwazuia watu mlangoni, kwa kuwa akishaingia ni vigumu kumtoa. Mawakili nao wamejifunza kupigania amri ya muda kwa nguvu zote: mteja aketi kwanza, matokeo yafungiwe kwenye bahasha, kesi itasikilizwa baadaye. Baadaye ikifika, mteja ameshafaulu, na nani atakuwa na moyo wa kuuchana mtihani wa daktari aliyefaulu? Mahakama ya Juu iliuona mchezo huu zamani. Mwaka 1993, katika shauri la Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev, ilizionya mahakama za chini juu ya amri za muda zinazotolewa kwa huruma isiyo mahali pake. Naliunga mkono onyo hilo nusu nusu. Huruma ikipotoka ni hatari, lakini ikiwa chuo kimetoa orodha yake siku kumi kabla ya mtihani, kisilalamike kwamba jaji ameamua kwa haraka.

Panapouma zaidi ni uzazi. Sheria ya India ya Mafao ya Uzazi ya mwaka 1961, ilivyorekebishwa 2017, ilimpa mwajiriwa likizo ya wiki 26 kwa mtoto wa kwanza na wa pili. Hizo ni siku 182. Mama akizichukua zote ndani ya mwaka mmoja wa masomo, anabaki na siku 183 kati ya 365, sawa na nusu tu ya mwaka. Kwa kanuni ya “kila mwaka wa masomo” hana njia, hata kama miaka mingine miwili hakukosa siku moja. Lakini ukihesabu miaka mitatu kwa jumla, siku 1,095, asilimia 80 inaacha nafasi ya siku 219, na likizo yake inaenea humo na ziada inabaki.

Je, anayesomea ubingwa ni mwajiriwa au mwanafunzi? Hospitali humwita mwanafunzi wakati wa likizo na mfanyakazi wakati wa zamu. Kanuni za 2023 zimepunguza ubishi kwa kutamka kuwa atapata likizo ya uzazi kwa taratibu za serikali. Mahakama zenyewe zimeyumba katika suala hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ilimkatalia mwanafunzi wa sheria aliyekosa masomo kwa sababu ya ujauzito. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ilikiagiza chuo kimfikirie upya mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ualimu kwa siku zake 59 za uzazi.

Lakini mwanafunzi wa sheria aliyekosa mhadhara anaweza kuazima daftari la mwenzake. Daktari aliyekosa miezi sita ya upasuaji hana cha kuazima, kwa kuwa kuwepo kwake wodini ndiko kusoma kwenyewe. Ndiyo maana siwalaumu wanaoshikilia 80. Ninachowalaumu ni namna wanavyoipima. Katika mashauri haya hutokea daktari akaleta nakala ya faili la mgonjwa yenye mwandiko wake, saini yake na saa ya kumpokea, katika tarehe ambayo daftari la idara linamwonyesha hayupo. Mashine ya alama za vidole iligoma, au alitoka zamu asubuhi bila kuweka kidole. Anayetunza daftari ni mkuu wa idara, ambaye huenda ndiye msimamizi wa tasnifu yake na kesho atakuwa mtahini. Hapo ndipo jaji husikiliza kwa makini, maana sasa ni suala la ushahidi, ambalo ni fani yake.

Na zamu ya saa 36 mfululizo huhesabiwa siku ngapi? Maelekezo ya serikali ya mwaka 1992 yalitaka kazi ya mfululizo isizidi saa 12 kwa siku, na 48 kwa wiki, katika hali ya kawaida. Kanuni za 2023 zimeridhika kusema saa za kazi ziwe “za kuridhisha”. Kwa hiyo kukosekana kwa daktari kumewekewa asilimia, na kuwepo kwake kumewekewa kivumishi.

Kanuni hizohizo zinasema anayezidisha likizo ataongezewa muda wa kozi kwa idadi ya siku alizozidisha. Ni utaratibu wa haki, na umehamisha ugomvi kutoka “nitafanya mtihani?” kwenda “nitafanya upi?” Mitihani haizidi miwili kwa mwaka. Aliyeongezewa siku 20 ambazo zinaangukia baada ya tarehe ya mtihani hangoji siku 20. Hungoja miezi mingi hadi awamu ijayo, mara nyingi akiendelea kushika zamu zilezile. Na kama alikusudia kuendelea na ubingwa bobezi, mtihani wa kitaifa wa kuingilia huko una tarehe yake ya mwisho ya kuwa umekamilisha MD au MS, kwa hiyo siku 20 hizo zinaweza kumgharimu mwaka mzima.