Taaluma ya maji: Somo la milango ya Jinja kwa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki

Mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, maji ya Ziwa Victoria huanza safari ndefu ya Mto Nile kuelekea Bahari ya Mediterania. Hapo hupita katika mabwawa mawili ya umeme, Nalubaale na Kiira. Kwa mwanafunzi wa usimamizi wa rasilimali za maji, mabwawa hayo yanabeba swali linaloigusa taaluma yake yote: milango ifunguliwe kwa kiasi gani, na kwa hesabu ya nani?

Swali hilo haliihusu Uganda peke yake. Ziwa Victoria linamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Uganda na Kenya, ilhali Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote inayoliingia, hukusanya maji kutoka Burundi na Rwanda. Kinachoamuliwa Jinja hufika Mwanza na Kisumu, na huteremka hadi Sudan Kusini, Sudan na Misri.

Mchoro wa enzi za ukoloni

Kabla ya bwawa kujengwa, kizingiti cha miamba kwenye maporomoko ya Ripon ndicho kilichopima maji yanayotoka ziwani. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, kazi ya miamba ilihamia mikononi mwa binadamu. Ili nchi za chini ya mto zisipunjwe, ilikubaliwa kwamba utoaji wa maji ufuate mchoro maalumu wa hesabu. Mchoro huo unaonyesha, kwa kila kimo cha ziwa, kiasi cha maji ambacho mto ungeyatoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo.

Umuhimu wa mchoro huo unaeleweka mtu akitazama mapato na matumizi ya ziwa. Takriban asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na sehemu kubwa hurudi angani kwa njia ya mvuke. Mvua na jua havipokei amri. Maji yanayopita Jinja ni sehemu ndogo ya hesabu nzima, lakini ndiyo sehemu ambayo binadamu anaweza kuidhibiti.

Mnamo mwaka 2005 na 2006, kimo cha ziwa kilishuka kwa kasi. Ukame ulichangia, lakini ilibainika pia kuwa maji yaliyopitishwa kwenye mabwawa kwa ajili ya umeme yalizidi kiwango kilichowekwa na mchoro. Mialo ya wavuvi ilibaki mbali na maji, na Uganda ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Miaka 15 baadaye hali iligeuka. Kufikia Mei 2020, baada ya mvua nyingi, kipimo cha Jinja kilivuka mita 13.4 na kufuta rekodi iliyodumu tangu miaka ya 1960. Nyumba, hoteli na masoko ya samaki yalifunikwa na maji katika nchi zote tatu. Kufungua milango zaidi kuliwapa nafuu wakazi wa kando ya ziwa, lakini maji hayohayo yalikuwa yakielekea Ziwa Kyoga na mabonde ya Sudan Kusini, ambako watu nao walikuwa wakihama mafuriko.

Kinachofundishwa darasani

Mfano huo unaonyesha kwa nini taaluma hii haiishii kwenye mabomba na zege. Mwanafunzi hujifunza haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, ili aweze kukadiria mvua, mtiririko wa mito na akiba iliyo chini ya ardhi. Hujifunza pia ikolojia, uchumi na sheria za mito inayovuka mipaka. Dhana ya uendelevu, ambayo mara nyingi hutajwa kijumla, hapa ina kipimo chake: kisima kinachovutwa kwa kasi kuliko mvua inavyokijaza kitakauka, hata kama kila mtumiaji ana kibali halali.

Msingi mwingine ni kuyasimamia maji kwa kufuata bonde la mto badala ya mipaka ya mikoa au wilaya. Tanzania, kwa mfano, imegawanywa katika mabonde 9, kila moja likiwa na chombo chake cha usimamizi.

Nafasi za masomo hayo zimeongezeka barani. Mtandao wa WaterNet, unaohudumia kusini na mashariki mwa Afrika, huendesha shahada ya uzamili ambayo mwanafunzi huweza kuianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Zimbabwe, kisha akamalizia ubobezi katika nchi nyingine. Chuo Kikuu cha Addis Ababa na Taasisi ya Nelson Mandela ya mjini Arusha vina vituo vya umahiri vya maji vilivyoanzishwa kwa mradi wa Benki ya Dunia. Umoja wa Afrika nao una taasisi ya maji na nishati mjini Tlemcen, Algeria, inayopokea wanafunzi kutoka pande zote za bara.

Hesabu na mamlaka

Umuhimu wa wataalamu hao unaonekana katika historia. Mkataba wa mwaka 1959 ulizigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5 za maji ya Nile kila mwaka. Nchi za juu ya mto hazikuwemo katika makubaliano hayo, ingawa karibu maji yote yanayogawanywa yanatoka kwao. Mkataba wa mwaka 1929 ulitiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, na mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haufungwi nao.

Oktoba 2024, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile ulianza kutumika kwa nchi sita: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan zimebaki nje. Mkataba huo unataka kuwepo tume ya pamoja, na tume ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi bila takwimu zinazoaminiwa na pande zote. Mvutano kuhusu bwawa kubwa la Ethiopia, lililozinduliwa Septemba 2025, umeonyesha jinsi ilivyo vigumu kukubaliana juu ya utoaji wa maji wakati wa ukame.

Kwa Ziwa Victoria, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikijadili utaratibu mpya wa utoaji maji kupitia kamisheni yao ya bonde hilo yenye makao yake Kisumu. Mchoro wa zamani uliandaliwa na watawala wa kikoloni. Utakaochukua nafasi yake utahitaji watu wa Jinja, Mwanza, Kisumu, Kigali na Gitega wanaoweza kuzisoma takwimu zilezile, na kuwaeleza viongozi wao zinamaanisha nini kabla saini hazijawekwa.