Funza: Weka Pini Chini, Shughulikia Sakafu

Mtoto anayechechemea, anayejikuna vidole usiku na aliyeanza kukwepa shule huenda ana funza. Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanahimizwa kukagua miguu ya watoto na wazee kila jioni, hasa miezi ya kiangazi mchanga unapokauka.

Funza si laana wala si kurogwa. Ni kiroboto mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyefika Angola kwa meli mwaka 1872 na kuenea hadi pwani yetu kabla ya karne hiyo kuisha. Jike hujichimbia kwenye ngozi, aghalabu kandokando ya kucha au kisiginoni. Katika wiki moja au mbili huvimba kama punje ya mbaazi, akaonekana kama kivimbe cheupe chenye kidoa cheusi katikati. Kidoa hicho ndicho tundu lake la kupumulia na kutagia mayai.

Wengi hukimbilia pini, mwiba au wembe. Hapo ndipo hatari ilipo. Kidonda kilichochokorwa huweza kuingiza pepopunda, na pini inayopokezanwa huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali iliyo karibu, kama ile ya Likoni au Port Reitz. Mhudumu atasafisha vidonda na kueleza tiba inayofaa. Mafuta ya dimetikoni, kwa mfano, huziba tundu la kupumulia na kumuua funza bila kukata ngozi. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.

Hata hivyo, kutibu mguu pekee hakutoshi. Mayai huangukia sakafuni, na kwa takriban wiki tatu viluwiluwi hukua ndani ya vumbi hadi kuwa viroboto. Mtoto aliyepona akirudi kwenye vumbi lile lile, huambukizwa upya. Kwa hiyo:

• Nyunyiza maji kabla ya kufagia sakafu ya udongo, na ikandike au isakafie kwa saruji ukiweza.
• Anika mikeka na matandiko juani.
• Osha miguu kwa sabuni kila jioni, na vaa viatu.
• Mbwa, paka na mbuzi wasilale ndani.

Funza huvuka ua. Majirani wafanye usafi pamoja, na walimu wasiruhusu mwanafunzi yeyote kuchekwa. Mtoto anayeona haya huficha mguu wake, na mguu uliofichwa hautibiwi.