Mfuko wa Unga na Kura ya Zambia

Mama wa nyumba mjini Kitwe, kama alivyo mke wa askari kambini, halimi mahindi, hununua unga. Mshahara wa mume uingiapo, kwanza ni mfuko wa unga wa nshima, yaani ugali, ndipo mengine yafuate. Kwa hiyo, katika miji ya machimbo ya shaba nchini Zambia, bei ya mfuko huo ilikuwa siasa.

Tangu uhuru wa mwaka 1964, chini ya Rais Kenneth Kaunda, nchi hiyo ilitegemea shaba kwa karibu fedha zake zote za kigeni. Maadamu shaba ilikuwa na bei nzuri, serikali iliweza kuchangia gharama ya unga, na mfanyakazi akaupata kwa bei nafuu. Bei ya shaba ikaanguka mwaka 1975, madeni yakalimbikizana, na wakopeshaji wakashikilia kwamba ruzuku ya unga iondolewe. Desemba 1986 serikali ilijaribu. Ghasia zikazuka machimboni, watu wakafa, na bei ikarudishwa. Juni 1990 ikapandishwa tena, zaidi ya maradufu. Safari hii ghasia ziliitikisa Lusaka yenyewe, na mwishoni mwa mwezi huo luteni mmoja, Mwamba Luchembe, aliingia katika kituo cha redio akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa baada ya saa chache tu. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kumiminika mitaani wakishangilia, na pengine shangwe hiyo ilimwonya Kaunda kuliko bunduki za luteni.

Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipata kiasi cha asilimia 76 ya kura, na chama chake cha MMD viti 125 kati ya 150. Kaunda, aliyetawala miaka 27, alikubali kushindwa na kukabidhi madaraka kwa amani.

Lakini asiseme mtu kwamba bei ya unga peke yake ndiyo iliyopiga kura. Katika Mkoa wa Mashariki, mkoa wa wakulima, viti vyote 19 vilikwenda kwa UNIP, chama cha Kaunda. Mwenye ghala lake haoni bei ya dukani kwa jicho la mchimba shaba. Tena, mapenzi ya zamani kwa chama hayafutiki kwa siku moja. Kwingineko wakulima walimwacha Kaunda, wengi wao wakiwa wamechoka kungojea mbolea na malipo ya mahindi yao.

Serikali ya Chiluba nayo, haukupita muda mrefu, iliiondoa ruzuku ileile. MMD ilidumu madarakani hadi mwaka 2011, iliposhindwa na Michael Sata, ambaye ngome zake zilikuwa Lusaka na miji ileile ya shaba.